Kujiandaa na Kozi ya Kemia Fizikia: Ushauri kwa Mwanafunzi wa Chuo Aliye Likizo Tanga

Mwanafunzi wa chuo kikuu anaporudi Tanga kwa likizo ndefu ana haki ya kupumzika na kuwasaidia wazazi, lakini ikiwa muhula unaokuja una kozi ya kemia fizikia, yaani kemia inayoeleza mimenyuko kwa kutumia fizikia na hisabati, atajitendea wema akitenga saa moja au mbili za kila asubuhi, kabla jua la Ngamiani halijawa kali, kwa ajili ya kozi hiyo. Kemia hii haifanani na ile aliyoizoea. Katika kemia ya kaboni mwenye kumbukumbu nzuri ya majina na mimenyuko anaweza kufika mbali, ilhali hapa aliyekariri milinganyo yote ya kitabu bila kujua kila mmoja unaruhusiwa kutumika wakati gani hukwama mapema. Karibu ushauri wote ninaoutoa unazunguka jambo hilo: mlinganyo usomwe pamoja na masharti yake.

Tuanze na hisabati, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha wengi. Aliyetoka tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) ana nafuu. Aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) au CBG (kemia, biolojia na jiografia) alipitia ile hisabati tumizi ya msingi tuliyozoea kuiita BAM, na huenda ameisahau tangu siku ya mtihani wa kidato cha sita. Kinachohitajika mwanzoni si kingi: difarensheni ya vipeo, ya logi asilia na ya eksponenti, intigresheni ya moja chini ya x, na uwezo wa kuuzungusha mlinganyo wenye logi bila kutetereka. Jambo ambalo wengi hawakulikuta sekondari ni difarensheni ya sehemu, ambamo kigeu kimoja kinabadilishwa na vingine vinashikiliwa vilivyo. Dawa yake ni zoezi dogo. Chukua mlinganyo wa gesi timilifu, pV = nRT (p ni kanieneo, V ujazo, n idadi ya moli, R konstanti ya gesi, T halijoto), andika kanieneo upande mmoja, kisha tafuta p inavyobadilika na T wakati V imeshikiliwa, halafu inavyobadilika na V wakati T imeshikiliwa. Usiishie kwenye alama. Andika kwa Kiswahili cha kawaida kila jibu linasema nini. La kwanza linasema kanieneo hupanda kiasi gani kwa kila nyuzi ya joto katika chombo kilichofungwa, na la pili, lenye alama ya kutoa, linasema gesi ikipewa nafasi zaidi bila kubadilisha halijoto yake, kanieneo hushuka. Ukimaliza, rudia kwa mlinganyo wa van der Waals, ule unaorekebishwa kwa ajili ya gesi halisi, nawe utakuwa umeipita sehemu kubwa ya hofu ya wiki za mwanzo.

Kisha tafuta daftari moja la kaunta na ugawe kila ukurasa pande mbili. Kushoto andika mlinganyo. Kulia andika masharti yake na vizio vyake. Mathalani, kazi ya gesi inayotanuka huandikwa nRT ln(V₂/V₁), na mwanafunzi akiona maneno "gesi inatanuka" katika swali huikimbilia fomyula hiyo. Upande wa kulia wa daftari ungemkumbusha kwamba inahitaji gesi timilifu, halijoto isiyobadilika, na utanukaji unaoweza kurudishwa nyuma hatua kwa hatua. Ikiwa gesi inasukuma kanieneo la nje lisilobadilika, kazi ni kanieneo hilo mara badiliko la ujazo, na jibu huwa dogo zaidi.

Mfano wa kufanyia kazi hauko mbali. Mawe ya chokaa ya Tanga ndiyo yaliyochongeka kwa maji kuwa mapango ya Amboni, na mawe ya aina hiyohiyo ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha Pongwe. Jiwe la chokaa, kalsiamu kaboneti, likichomwa hugawanyika kuwa chokaa hai na gesi ya kaboni dayoksaidi. Majedwali yanatoa badiliko la enthalpi (ΔH, joto linaloingia au kutoka) la mmenyuko huo kuwa takribani kilojuli 178 kwa moli, na la entropi (ΔS, kipimo cha mtawanyiko) takribani juli 160 kwa kelvini kwa moli. Badiliko la nishati ya Gibbs, linaloonyesha kama mmenyuko unaweza kwenda wenyewe, ni ΔH ukitoa TΔS, kwa hiyo halijoto ambayo mmenyuko unageuka kuwa wa hiari hupatikana kwa kugawanya enthalpi kwa entropi. Mwanafunzi mwenye haraka hugawanya 178 kwa 160, akapata 1.1, akaandika kelvini 1.1 na kuendelea na swali linalofuata. Jibu hilo lina maana kwamba jiwe lingekuwa chokaa karibu na sifuri halisi, penye baridi isiyopatikana popote duniani nje ya maabara, na miamba ya Kiomoni, yalipo mapango hayo, isingekuwapo. Kosa ni kwamba enthalpi iko katika kilojuli na entropi katika juli. Ukiziweka sawa unapata kama kelvini 1,110, yaani karibu nyuzi 840 za Selsiasi, na mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na tanuri la chokaa ataona kwamba hilo linaelekea ukweli.

Hapo wengi hufunga daftari, nami ningeshauri wasifunge, kwa sababu mfano huu una mengi zaidi ya kutoa. Hesabu hiyo imechukulia kwamba ΔH na ΔS hazibadiliki na halijoto, ingawa tarakimu za majedwali ni za nyuzi 25. Imechukulia pia kwamba kaboni dayoksaidi iko katika kanieneo la baa moja. Tanuri lenye njia nzuri ya hewa huiondoa gesi hiyo, kanieneo lake linashuka, na jiwe linaweza kuanza kugawanyika chini ya nyuzi 840. Chombo kilichozibwa kabisa hukusanya gesi mpaka msawazo ufikiwe na mmenyuko usisonge tena mbele. Zaidi ya hayo, hesabu ya Gibbs haisemi neno lolote kuhusu kasi. Kwamba mmenyuko unawezekana hakuna maana kwamba utakamilika leo, na hii ndiyo sababu kinetiki ni mada ya peke yake. Swali moja likichimbwa namna hii lina faida kuliko maswali kumi yaliyopitiwa juujuu.

Kuhusu vitabu, tahadhari moja inatosha. Vile vya zamani vingi huhesabu kazi inayofanywa na mfumo kuwa chanya na kuandika ΔU = Q − W (ΔU ni badiliko la nishati ya ndani, Q joto, W kazi); vya sasa huhesabu kazi inayofanywa juu ya mfumo kuwa chanya na kuandika ΔU = Q + W. Zote mbili ni sahihi, mradi usizichanganye ndani ya swali moja. Fuata ile ya mhadhiri wako na uiandike kwenye jalada la daftari. Vivyo hivyo, kanieneo sanifu lilikuwa atmosfia moja hadi mwaka 1982, ilipopendekezwa baa moja, kwa hiyo majedwali ya kale na mapya yanaweza kutofautiana kidogo bila lolote kati yao kukosea. Konstanti ya gesi nayo ina sura zaidi ya moja: 8.314 kama unatumia juli, 0.08206 kama unatumia lita na atmosfia.

Mada ya mchanganyiko na potensheli ya kikemia, yaani mwelekeo wa dutu kutaka kuhama au kumenyuka, huonekana kavu kuliko zote, na nadhani ni kwa sababu hufundishwa kwa alama tupu. Mkaazi wa pwani ana mfano wake mezani. Maji yaliyoshiba chumvi hutoa mvuke pungufu kuliko maji matupu, na katika nyuzi 25 hewa iliyo juu yake husawazika kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi. Unyevu wa Tanga ukizidi kiwango hicho, kama unavyofanya siku nyingi za masika, chumvi huvuta maji kutoka hewani na kulowa ndani ya kopo. Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya pwani hulowa mapema zaidi, kwa kuwa imebeba chumvichumvi za magnesi zinazovuta maji kwa nguvu kuliko chumvi ya kawaida. Maji huhama kutoka palipo na potensheli kubwa kwenda palipo na ndogo, na ukiyaeleza hayo kwa mwenzako bila kutazama kitabu, mlinganyo wa mada hiyo hautakusumbua.

Kinetiki ni nyepesi zaidi, mradi ujue kuchora grafu. Logi asilia ya konstanti ya kasi dhidi ya moja chini ya T hutoa mstari ulionyooka wenye mwinamo wa −Eₐ/R, ambapo Eₐ ni nishati inayohitajika kuuanzisha mmenyuko, na T hiyo lazima iwe katika kelvini. Anayeweka Selsiasi hupata mwinamo usio na maana, kisha hulaumu vifaa vya maabara. Katika ripoti za maabara usiandike tarakimu sita za desimali kwa kipimo cha kipimajoto kinachosomeka kwa nusu nyuzi, kwa kuwa msahihishaji huliona hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Mitihani iliyopita itafutwe mapema kwa kaka na dada waliotangulia, lakini itumiwe baada ya kuielewa mada, tena bila majibu kando. Kundi la kujisomea liwe dogo, watu watatu au wanne, na kila mmoja asimame ubaoni kwa zamu; kundi la watu kumi huishia kwenye mazungumzo ya mpira.

Kwantamu, yaani nadharia ya chembe ndogo sana kama elektroni, huja mwisho katika vyuo vingi na hutisha kwa sura yake. Shika mfano mmoja tu, wa chembe iliyofungwa ndani ya boksi la mwelekeo mmoja, ambamo nishati ni n²h²/8mL² (h ni konstanti ya Planck, m masi ya chembe, L urefu wa boksi). Jiulize boksi likiongezwa urefu mara mbili itakuwaje, na uone nishati ikishuka hadi robo. Kisha jiulize namba n imetoka wapi, maana haimo kabisa katika mlinganyo wa Schrödinger wenyewe, ulio msingi wa kwantamu. Imetokana na sharti kwamba wimbi lazima liwe sifuri kwenye kuta zote mbili, na sharti hilo linakubali nusu-mawimbi kamili pekee: moja, mawili, matatu na kuendelea. Mlinganyo wa nishati uandikwe upande wa kushoto wa daftari, na kuta hizo mbili upande wa kulia.