Matairi ya haibridi: kuchagua yasiyokula mafuta wala mfuko

Kabla hujauliza bei ya tairi lolote, chukua karatasi ufanye hesabu moja. Gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, linalotumia lita 5 kwa kilomita 100 litachoma lita 2,500 likitembea kilomita 50,000. Tairi linalobingirika kwa wepesi likikupunguzia matumizi kwa asilimia 3, umeokoa lita 75. Zidisha lita hizo kwa bei ya mafuta unayonunua. Jibu utakalopata ndilo kikomo cha pesa ya kuongeza kwa seti nzima ya matairi manne, si kwa tairi moja. Gari linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100 lingeokoa lita 150 kwa asilimia hiyo hiyo.

Maana yake ni kwamba haibridi, kwa kuwa tayari inakunywa kidogo, haikulazimu kununua tairi ghali kuliko yote dukani. Tairi la bei ya kati, lenye daraja zuri la mafuta na daraja la juu la kushika barabara yenye maji, ndilo linalolipa. La bei ya chini kabisa huwa linakudai baadaye, kwa kuisha mapema au kwa kuteleza.

Mafuta yanapotelea wapi kwenye tairi? Kila sehemu ya mpira inapogusa lami hubonyea, ikiinuka hurudi katika umbo lake. Katika kubonyea na kurudi huko, sehemu ya nishati hugeuka joto na kupotea. Huo ndio ukinzani wa kubingirika. Haibridi huzima injini ikisimama na hurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ya breki, lakini joto lililotoka kwenye tairi halirudishwi na mfumo wowote. Ndiyo maana wenye haibridi huona tofauti ya matairi upesi kuliko wengine. Kwa kawaida, ukinzani ukipungua kwa asilimia 10, matumizi ya mafuta hushuka kwa asilimia 1 hadi 2. Tairi za kisasa hufanikisha hilo kwa kuchanganya silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) kwenye mpira badala ya kutegemea kaboni nyeusi (unga kama masizi) peke yake.

Soma ubavu wa tairi kwanza

Tuchukue 195/65 R15 91H, saizi inayofungwa kwenye Toyota Prius nyingi. Upana ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Namba 91 ni uwezo wa kubeba, yaani kilo 615 kwa tairi moja, na H ni kasi ya juu ya kilomita 210 kwa saa. Haibridi ina betri na mota zinazoongeza uzito, kwa hiyo namba ya uzito isishuke chini ya ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari. Kupanda ni sawa. Herufi ya kasi nayo usiishushe kwa ajili ya punguzo la bei.

Usishawishike kuongeza upana. Ukifunga 205/65 R15 mahali pa 195/65 R15, kipenyo kinatoka milimita 634.5 hadi 647.5, karibu asilimia 2 zaidi, na kipima mwendo kinaanza kusoma pungufu. Tairi pana pia husukuma hewa nyingi zaidi. Rimu kubwa, mathalani ya inchi 17 kwenye gari lililokuja na inchi 15, mara nyingi huwa nzito, na ubavu mwembamba huumia haraka kwenye mashimo. Kama nia yako ni kubana mafuta, baki na saizi ndogo zaidi inayoruhusiwa na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Lebo ndiyo ushahidi

Maneno "eco" au "green" yaliyochongwa ubavuni hayathibitishi chochote. Tafuta lebo. Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2021, hutumia madaraja A hadi E. Kwa magari madogo, A ya mafuta ni ukinzani usiozidi kilo 6.5 kwa kila tani ya uzito unaobebwa, B huishia 7.7, C huishia 9.0 na D huishia 10.5. Lebo hiyo hiyo ina daraja la kushika barabara yenye maji na kiwango cha kelele kwa desibeli. Japani ina lebo yake: AAA, AA, A, B na C kwa mafuta, na a hadi d kwa barabara yenye maji. AAA ya Japani na A ya Ulaya zina kikomo kimoja cha 6.5. Alama za Marekani zilizo ubavuni hueleza uchakavu, mshiko na kustahimili joto, wala hazisemi lolote kuhusu mafuta, kwa hiyo usizitumie kwa kazi hiyo.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni kwamba daraja ni la saizi, si la jina la tairi. Tairi lile lile linaweza kuwa B kwenye inchi 16 na C kwenye inchi 15. Uliza daraja la saizi yako hasa, au ulitafute kwa kuskani msimbo ulio kwenye lebo ya Ulaya.

Sasa chagua kwa mpangilio huu. Kwanza ondoa mezani kila tairi lililo chini ya B kwenye barabara yenye maji. Kati ya yaliyobaki, tafuta A au B ya mafuta; C ikubalike tu pale seti ya A au B inapoizidi bei kwa zaidi ya kikomo ulichopiga kwenye karatasi. Tunasisitiza maji kabla ya mafuta kwa sababu njia rahisi ya kupunguza ukinzani ni kutumia mpira usiong'ang'ania barabara, na baadhi ya matairi ya bei ya chini hufanya hivyo. Mfumo wa kurudisha nguvu kwenye betri haukuokoi ukikanyaga breki ya ghafla. Hapo ni breki za kawaida na mpira tu.

Njia nyingine ya mkato ni kupunguza kina cha kashata, yaani michoro ya mpira inayogusa barabara. Tairi jipya la kawaida huwa na kina cha milimita 7 hadi 8. Likiwa na 6 tu, litabingirika kwa wepesi kweli, lakini ukizingatia kwamba nchi nyingi zimeweka mwisho kuwa milimita 1.6, umenunua mpira mchache zaidi kwa pesa yako. Beba kipimo cha kina, ni kifaa cha bei ndogo, upime mwenyewe kabla ya kulipa.

Angalia pia umri. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi mpira wake umeanza kukakamaa hata kama lina vinyweleo vyake vyote. Lenye zaidi ya miaka miwili, omba lingine au punguzo kubwa. Mitumba tunaikataa moja kwa moja: huwezi kuona nyuzi za ndani zilizoumia, na hujui limebeba nini wala limetembea likiwa na upepo kiasi gani.

Siku ya kufunga na baada yake

Kama michoro ya tairi ina pande mbili tofauti, upande wenye neno "outside" unakaa nje. Lenye mshale, mshale ufuate mzunguko wa gurudumu. Dai valvu mpya na balansi kwa kila gurudumu, kisha alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Alaimenti ikiwa imekosea, magurudumu ya mbele yakielekea ndani au nje kupita kiasi, tairi linaburutwa kidogo muda wote, linakula mafuta, na kashata zinakuwa na makali kama meno ya msumeno ukizipapasa kwa kiganja. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo. Kwenye Prius ni 103 Nm. Zirudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kabla gari halijatembea. Fuata kibandiko; Prius nyingi za rimu ya inchi 15 huwa na 35 psi (kipimo cha upepo) mbele na 33 nyuma. Kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza matumizi kwa takriban asilimia 0.2, hivyo psi 10 pungufu zinaweza kufuta sehemu kubwa ya faida ya tairi ulilolichagua kwa uangalifu. Pima kila mwezi.

Usishtuke matumizi yakipanda wiki za mwanzo. Tairi jipya lina mpira mwingi wa kubonyea kuliko lile kipara ulilotoa, hivyo ukinzani wake ni mkubwa hata kama daraja lake ni zuri zaidi. Isitoshe, kina cha milimita 8 badala ya 2 kinaongeza milimita 12 kwenye kipenyo, karibu asilimia 2, na kihesabu kilomita kinarekodi umbali pungufu. Linganisha baada ya kilomita elfu kadhaa, kwa umbali uliopimwa na GPS, na kwa kujaza tangi hadi kiwango kile kile.

Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote papo hapo, na kwenye haibridi nyingi magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta na kurudisha nguvu ya breki. Kwa hiyo ya mbele huisha kwanza. Zungusha matairi, yaani badilishana nafasi za ya mbele na ya nyuma, kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Ukilazimika kununua mawili tu, mapya yafungwe nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji gari huzunguka na dereva hana la kufanya kwa usukani. Haibridi yenye kuvuta magurudumu yote ibadilishiwe manne kwa pamoja, au angalau tofauti ya kina cha kashata isizidi kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha gari.