Kutengeneza Zulia la Kulabu kwa Gunia na Mitumba: Niliyojifunza Tabora

Zulia la kulabu halifumwi wala halifungwi mafundo. Ni tepe za kitambaa zinazovutwa kutoka chini ya gunia zikatokeza juu kama vitanzi vifupi, na kubanana kwa vitanzi hivyo ndiko kunakovizuia visichomoke. Ufundi huu ulishamiri katika karne ya 19 mashariki mwa Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani, baada ya magunia ya juti kuenea, katika nyumba zisizo na uwezo wa kununua mazulia ya dukani. Huko Newfoundland na Labrador, misheni ya daktari Wilfred Grenfell ilifikia hatua ya kukusanya soksi ndefu za hariri zilizochakaa ili wanawake wazigeuze mazulia. Mimi nilifundishwa hapa Tabora na mama mmoja jirani, mwalimu mstaafu wa sayansikimu, na nikitazama nyuma naona kwamba karibu kila alichosisitiza kilihusu mkono ulio chini ya gunia, wala si ule ulioshika kulabu.

Gunia liwe la juti, lenye nyuzi zilizopangika sawasawa. Salfeti haifai, kwani nyuzi zake bapa za plastiki huteleza na kupasuka. Ukipata juti iliyofungia tumbaku, jambo lisilo la ajabu katika mkoa huu, ianike kivulini hadi harufu ipungue. Acha ukingo wa sentimita 10 kila upande nje ya mchoro utakaouchora juu ya gunia, ukunje pindo na kulishona ili nyuzi zisifumuke, kisha uliwambe gunia kwenye fremu ya mbao kwa misumari midogo hadi likaze. Kulabu yenyewe haihitaji kuagizwa kutoka mbali: msumari wa inchi nne, ukichongwa kwa tupa hadi upate mdomo mdogo uliolainishwa na kutiwa mpini wa mninga, hufanya kazi kwa miaka mingi.

Kitambaa bora ni sufu, nayo hupatikana katika marobota ya mitumba, kwenye makoti na sketi nzito ambazo wanunuzi wengi huzipita kwa sababu ya joto letu. Fulana za pamba nazo zinafaa. Khanga ni nyepesi mno, hivyo tepe zake zikatwe pana ili zijikunje zenyewe. Sufu ikatwe tepe za upana wa milimita 6 kwa kufuata uzi, kamwe si kwa mshazari, maana tepe ya mshazari hukatika inapovutwa. Kwa makadirio, andaa kitambaa chenye eneo mara nne hadi tano ya eneo la zulia: zulia la sentimita 60 kwa 90 litameza zaidi ya mita mbili za mraba, na ni afadhali rangi ya usuli, yaani ya sehemu inayozunguka maumbo, izidi kuliko kuishia njiani.

Sasa kazi yenyewe. Mkono wa chini hushika tepe kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiilegeza na kuielekeza. Mkono wa juu hupenyeza kulabu, hunasa tepe na kuipandisha. Ncha ya kwanza hutolewa yote juu, kisha kitanzi hufuata kitanzi, kila kimoja kikiwa na kimo kinacholingana na upana wa tepe. Kitanzi kipya kikimvuta mwenzake hadi akazama, si kulabu yenye kosa, ni vidole vya chini vilivyobana tepe. Ndiyo maana mwalimu wangu aliniambia, "Mwanangu, funga macho, usikilize vidole vya chini," na kweli mstari ulinyooka nilipoacha kuukodolea macho. Usijaze kila tundu: ruka moja au mawili, la sivyo zulia litajikunja na kukataa kulala sakafuni. Tepe ikiisha, ncha yake itokezwe juu, na tepe mpya ianzie katika tundu lilelile. Ncha zote mbili hukatwa zilingane na vitanzi. Upande wa chini tepe zisipitane, kwa sababu zinapopitana huweka uvimbe unaolika mapema. Anza na maumbo, ukipita ndani kidogo ya mstari uliochora, ndipo ufuate usuli.

Zulia likijaa, litoe kwenye fremu, uligeuze, uweke kitambaa chenye unyevu na kulipiga pasi kwa kulikandamiza bila kuburura. Lenye poliesta lisiguswe na pasi kali. Kunja ukingo kuzunguka kamba na uushone kwa shazia na uzi imara. Vumbi la kiangazi liondolewe kwa ufagio laini, bila kulikung'uta zulia ukutani, na lisilowekwe majini, kwani juti iliyoloa hudhoofika. Likihifadhiwa, liviringishwe vitanzi vikiwa nje.