Barafu Ising'ang'anie Kuta za Friza

Natengeneza friji na friza karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, na nyingi ninazoletewa hazijachoka: zimetobolewa kwa kisu. Umeme umekatika, barafu imeyeyuka nusu, umeme ukarudi, maji yakaganda upya yakiwa yameshalowanisha bati lote. Mwenye friza anaanza kuchokonoa. Bomba la gesi ya kupozea limelala nyuma tu ya bati hilo la alumini. Likitoboka, gesi yote inatoka, na kama ni ya aina ya R600a inaweza kushika moto. Naumia sana kuona mtaji wa mama muuza samaki unapotea hivyo.

Afadhali bati liyakatae maji mapema. Maji huingia kwenye kila mkwaruzo, yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na barafu inajikaza humo.

Chomoa friza kwenye umeme, fungua mfuniko, weka ndani sufuria ya maji ya moto, usubiri. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha kabisa. Hapa usiwe na haraka hata kidogo, maana mafuta ya samaki yakibaki, utakachopaka hakitashika. Msasa na waya wa kusugulia sufuria weka mbali; vinaongeza mikwaruzo.

Chukua grisi ya silikoni iliyoandikwa kwamba inafaa kwenye vyakula. Chota kidogo kama punje ya harage, paka kwa kitambaa laini, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka uone kana kwamba umeimaliza yote. Utando uliobaki unatosha. Ile silikoni ya madirisha inayonuka siki usiiguse: asidi yake inakula alumini na shaba. Sasa rushia tone la maji ukutani. Likikimbia bila kuacha njia ya unyevu, umepatia.

Kuna dawa za kupuliza zinazoacha vinundu vidogo visivyoonekana, tone likabiringika juu yake. Zinavutia, lakini kwenye friza siziweki. Unyevu wa hewa unaganda katikati ya vinundu, na barafu inapata pa kujishikia. Penye sakitu, yaani unyevu wa hewa ulioganda, uso laini ndio wenye faida.

Barafu itaendelea kuota, ila itatoka kwa kusukumwa na mwiko wa mbao. Grisi huondoka nayo kidogo kidogo, kwa hiyo paka tena kila unapoyeyusha. Kagua na mpira wa mfuniko: bana karatasi, uivute. Ikichomoka kirahisi, hewa yenye unyevu inaingia, badilisha mpira kwanza.