Afisa uhusiano, mjibu mwandishi kabla ukurasa haujafungwa

Waandishi wengi humwona afisa uhusiano kuwa bawabu aliyewekwa kuzuia majibu. Naye afisa humwona mwandishi kuwa mtu wa kuvizia makosa, au wa kungoja bahasha ya fedha. Chuki hii mara nyingi huanzia kwenye simu.

Mwandishi akipiga, muulize anaandika nini, anataka kujua nini, na mwisho wake wa kuwasilisha habari ni saa ngapi. Kama jibu linamsubiri mkurugenzi, taja saa utakayompigia, kisha mpigie hata kama hujapata kitu. Usimwambie "andika barua" ili kujinunulia muda. Kweli, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania ya mwaka 2016 inaipa taasisi hadi siku 30 kujibu maombi, na ya Kenya siku 21, lakini gazeti la kesho linafungwa leo. Litatoka na "juhudi za kumpata hazikuzaa matunda", na msomaji atajua mna jambo mnalificha.

Taarifa kwa vyombo vya habari iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ibebe nani, kafanya nini, lini, wapi. Ukianza na orodha ya wageni rasmi kwa sababu ya itifaki, mhariri ataanzia hapo kufuta, na akichoka ataitupa yote. Maneno yabandike ndani ya barua pepe. PDF iliyoskaniwa na mhuri wake hainakiliki. Picha ukizituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, la sivyo hubanwa na kupoteza ubora. Andika majina ya waliomo pichani kuanzia kushoto.

Bahasha je? Usitoe. Ukilipa leo, kesho mkutano usio na fedha hauna habari, na mhariri anayejua anaisoma kazi yako kama tangazo. Mkitaka waandishi wafike mbali, wekeni gari la pamoja na mseme wazi. Ukitaka kuyatawala maneno yote, nunua nafasi ya tangazo. Ivy Lee, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya uhusiano wa umma, aliwaambia wahariri wa Marekani hivyo mwaka 1906: wakiona habari zake zinafaa dawati la matangazo, wasizitumie.

Usiombe kusoma habari kabla haijachapishwa; omba kuhakiki takwimu na nukuu zako tu. La kutonukuliwa mkubaliane kabla hujalisema. Likitoka kosa, mpigie mwandishi kwanza, mtajie sentensi na usahihi wake, umtumie na ushahidi. Akikataa, nenda kwa mhariri, si kwa mmiliki.