Kifua wazi ufukweni Sweden: sheria inasemaje, na wewe ufanyeje

Mwezi wa sita ukiingia, Waswidi hubadilika. Mjini Stockholm jua huchwa karibu na saa nne usiku, na watu ambao Desemba nzima walipata mwanga wa saa sita hivi kwa siku humiminika ufukweni, kwenye miamba ya ziwani na kwenye nyasi za bustani za mjini. Huko ndiko mgeni kutoka Mombasa, Bukavu au Bujumbura hukutana na mwanamke aliyelala chali kifua wazi, anasoma kitabu chake, na waliomzunguka wanaendelea na mambo yao. Maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Inaruhusiwa? Polisi hawaji? Na mimi niketi wapi?

Inaruhusiwa. Sweden haina sheria inayomkataza mwanamke kuacha kifua wazi ufukweni, na kuwa uchi peke yake si kosa la jinai. Kinachoadhibiwa ni mwenendo. Anayejivua ili kuwakera watu anaweza kushtakiwa kwa kuleta karaha hadharani na kupigwa faini, na anayemwonyesha mtu mwili wake kwa nia ya kumbughudhi kingono ana kosa zito zaidi, linaloweza kumpeleka jela hadi miaka 2. Kuota jua hakuingii popote hapo. Kwa hiyo usipige simu polisi, na usimwendee mwenyewe kumwambia ajifunike. Ukiona kibao kimeandikwa nakenbad au naturistbad, jua kwamba hapo watu huvua kila kitu, na kama hutaki, sogea ufukwe mwingine.

Wanaume wenzangu naomba wasome hapa kwa makini, maana hapa ndipo mtu anaweza kujiharibia maisha. Mwanamke aliyevua sidiria hajakuita. Kumkodolea macho ni utovu wa adabu, na watu wataona hata kama hawasemi neno. Kumfuata, kumtolea maneno machafu au kumgusa kunaweza kuwa bughudha ya kingono kisheria, na hoja ya kwamba alikuwa nusu uchi haitakusaidia mbele ya polisi. Halafu kuna simu. Kupiga picha mahali pa wazi kwa kawaida si kosa, lakini tangu 2018 kusambaza picha ya mwili wa mtu ulio uchi au nusu uchi, kwa namna inayoweza kumdhuru vibaya, ni kosa la jinai lenye kifungo hadi miaka 2. Ile picha unayotaka kuwarushia jamaa kwenye kundi la WhatsApp, wacheke kidogo, itasambaa na hutaweza kuirudisha. Na kama unasubiri uraia, kumbuka kwamba Idara ya Uhamiaji huangalia mwenendo wa mwombaji, na hata faini inaweza kukurudisha nyuma kwenye foleni. Watoto wadogo nao huoga uchi ufukweni. Simu yako ikae mbali nao kabisa.

Kwenye mabwawa ya kuogelea mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa mwenye bwawa ndiye anayeweka masharti. Mwaka 2007 wanawake wawili mjini Uppsala waliambiwa wajifunike au watoke, na kukazuka kundi la wanawake lililojiita Bara Bröst, lililodai kwamba kifua cha mwanamke kitendewe sawa na cha mwanamume. Mwaka 2009 Malmö ilipitisha kanuni kwamba kila anayeingia kwenye mabwawa ya manispaa avae vazi la kuogelea, bila kumlazimisha mwanamke kufunika kifua. Mabwawa hayo hayo humpokea pia anayeogelea kwa burkini. Mimi naona hapo kuna haki ya kweli: dada aliyejisitiri hadi vifundoni na mwenzake mwenye kipande cha chini tu wanaogelea maji yale yale. Miji mingine ina kanuni zake, kwa hiyo soma tangazo la mlangoni. Utakuta pia agizo la kuoga bila nguo yoyote kabla ya kuingia majini, wanawake upande wao na wanaume wao. Hilo Waswidi hulichukulia kwa uzito. Chupi ndani ya kaptula ya kuogelea hairuhusiwi.

Jambo linalowatesa wengi, hata hivyo, ni la ndani ya familia.

Umeoa au umeolewa huko, na mmealikwa nyumba ya kiangazi ya wakwe. Kuna gati dogo la mbao ziwani, chupa ya kahawa na mikate ya mdalasini. Mama mkwe wako, mwenye miaka sitini na kitu, anavua blauzi, anavua sidiria, anaikunja vizuri juu ya kiti, kisha anakuuliza kama unataka maziwa kwenye kahawa. Kwa wengi wetu, mkwe ni mtu ambaye hata kupeana naye mkono kuna taratibu zake. Unataka gati lipasuke uzame.

Yeye hajakuvunjia heshima. Alikulia miaka ya 1970, wakati wanawake wengi wa Sweden walipokuwa wakiota jua hivyo. Siku hizi mabinti wengi hubaki na bikini zao, na kamera za simu ni sababu mojawapo, lakini wa rika lake wengi hawakuacha. Kwake, kukuacha umwone hivyo ni kukuhesabu mtu wa nyumbani. Pokea kahawa, mwangalie usoni, jibu swali. Ukishindwa, nenda ukaogelee au ukasaidie kupasua kuni za sauna, kile chumba cha kukaa kwenye joto kali. Usitoe mzaha, wala usigeuze kiti ghafla ukampa mgongo. Jioni zungumza na mwenzi wako faraghani: kwetu mkwe hatumwoni hivi, nisaidie. Mara nyingi neno moja la mtoto wake linatosha, na safari ijayo utamkuta amejitanda taulo bila kinyongo. Afadhali zaidi umwambie mwenzi wako kabla hamjafunga safari.

Wewe binafsi hulazimiki kuvua chochote. Khanga ufukweni, burkini, fulana, vyote ni sawa. Hata kwenye sauna ya familia unaweza kuomba zamu yako peke yako au kujifunga taulo, na watakuelewa. Na dada anayetaka kuota jua kifua wazi analindwa na sheria ile ile, asikubali mwanamume yeyote wa jumuiya yetu amfokee ufukweni. Achague tu wa kwenda naye, kwa sababu picha ikishafika Nairobi au Goma, sheria ya Sweden haitazuia maneno ya ukoo.

Zamu ikiwa yao ya kuja kwetu, wape habari mapema na kwa uwazi. Zanzibar na Lamu wageni huombwa wavae kwa heshima wakiwa mjini na vijijini, mabega na magoti yafunikwe, na kuota jua kifua wazi hakukubaliki hata ufukweni mbele ya hoteli. Mnunulie mama mkwe khanga mbili siku ya kwanza, na mke au dada yako amfundishe kuzifunga, moja kiunoni, moja mabegani.