Somo: Kumpokea mtoto wa boa nyumbani, kwa wakaazi wa Mombasa

Vitabu na video nyingi za kufuga boa zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi. Huko taabu ya kwanza ni kumtafutia nyoka joto. Hapa kwetu ni kinyume. Boa mchanga akiwekwa ndani ya sanduku la kioo, chumba kina paa la mabati, na juu yake umewashwa taa ya kupasha joto kama kitabu kilivyoagiza, mchana mmoja wa mwezi wa Februari unatosha kumuua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili ni joto. Sehemu nyingine ni kumwacha nyoka atulie, na hilo ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu ukishampata unataka kumshika.

Boa asili yake ni bara la Amerika, kuanzia Mexico kushuka hadi Argentina. Anafanana na chatu wetu kwa umbo na kwa namna ya kukaba windo, ila chatu hutaga mayai na boa huzaa watoto wazima. Mtoto huzaliwa na urefu wa sentimita 40 hadi 60 hivi, mwembamba kama kidole. Akikomaa, wengi hufika mita 2 au 3, na majike huwapita madume. Umri wa miaka 20 hadi 30 ni wa kawaida. Yuko aliyeitwa Popeye, katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, aliyefikisha zaidi ya miaka 40 kabla ya kufa 1977. Basi jiulize utakuwa wapi baada ya miaka 20, na nani atamlea ukihamia Nairobi au ukisafiri kwenda Ghuba kutafuta kazi.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Kabla hujatoa shilingi moja, nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, uulize. Boa wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya pori, na biashara yao kati ya nchi na nchi haifanyiki bila vibali. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 nayo ni kali. Uliza kuhusu kibali cha kumwingiza nchini, cheti cha afya cha daktari wa mifugo, na masharti ya kumfuga nyumbani. Muuzaji akikwambia "karatasi zitafuata", mwachie nyoka wake. Na usikubali kuuziwa chatu aliyeokotwa shambani Kwale au Kilifi kwa jina la boa. Huyo ni mnyama wa pori wa Kenya, na kumchukua ni kosa la jinai.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba pia. Afadhali akukatalie leo kuliko akufukuze mwezi ujao na nyoka mkononi.

Hatua ya 2: Kizimba kiwe tayari wiki nzima kabla yake

Mtoto hahitaji nafasi kubwa. Sanduku la urefu wa sentimita 60 hadi 90 linamtosha kwa mwaka wa kwanza. Ndani ya sanduku kubwa lililo wazi huona hana pa kujificha, akagoma kula. Akikomaa atahitaji kizimba cha urefu wa mita 1.8 au zaidi, basi mwambie seremala mapema. Mbao za kawaida huvimba na kuoza kwa unyevu wa pwani. Tumia mbao zinazostahimili maji, zipakwe vanishi, kisha ziachwe zikauke hadi harufu iishe kabisa.

Weka vijificho viwili, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa baridi. Chungu cha udongo kilichopasuka, kikilazwa kifudifudi na kingo zake zikasuguliwa zisikate, kinafaa sana. Kiwe kidogo kiasi cha nyoka kugusa kuta zake akijikunja. Kijificho kikiwa kimoja tu, atachagua kati ya kujificha na kupata joto analolihitaji, na mara nyingi atachagua kujificha.

Miezi miwili au mitatu ya kwanza tandika karatasi za jikoni nyeupe. Utaona kinyesi kilivyo, na utaona utitiri, wale wadudu weusi wadogo mno wanaonyonya damu ya nyoka. Baadaye unaweza kutandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kuchemshwa na kukaushwa; hapa Mombasa hayo hayakosekani. Maranda ya seremala usitumie. Huwa yana vumbi, mafuta ya msonobari, na pengine dawa ya mbao.

Bakuli la maji liwe zito. Maji yawe yale unayokunywa wewe, si ya kisima cha chumvi, na yabadilishwe kila siku.

Mlango uwe na kufuli. Pahali kichwa cha nyoka kinapopita, mwili wote utapita. Boa aliyetoroka kwenye nyumba za kupanga Kisauni hana dakika kumi za kuishi, maana jirani akiona yale madoa atadhani ni kifutu. Miguu ya meza ya kizimba isimamishe ndani ya makopo ya maji yenye tone la mafuta, sisimizi wasipande. Usiku mmoja wa sisimizi unaweza kumjeruhi vibaya mtoto wa nyoka.

Hatua ya 3: Joto

Upande wa joto unatakiwa uwe nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, na upande wa baridi 25 hadi 27. Usiku si vibaya kushuka hadi 24. Ikipita 35 kila upande, yuko hatarini.

Kwa wiki ile kizimba kikiwa kitupu, weka vipimajoto viwili, kimoja kila upande, uandike namba saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri. Usikisie. Nyumba ya kuta nene za matumbawe kule Mji wa Kale na chumba cha juu chenye mabati kule Changamwe ni nchi mbili tofauti, hata kama kipimo cha hewa cha jiji ni kimoja.

Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, wengi wetu hatuhitaji taa yoyote mchana. Shida inakuwa upande wa baridi: chumba chenyewe kina nyuzi 32, basi nyoka hana pa kukimbilia. Hamishia kizimba chumba cha chini, mbali na dirisha la jua na mbali na jokofu, ambalo mgongo wake hutoa moto. Pangaboi lielekezwe ukutani, hewa izunguke bila kumpiga nyoka. Umeme ukikatika na chumba kikawa tanuri, chukua chupa ya maji yaliyoganda, ifunge kwa taulo, uiweke juu ya wavu wa kizimba upande mmoja.

Kusi kikianza, na hasa Julai na Agosti, usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 20 au 21. Hapo ndipo mkeka wa umeme wa kupasha joto unapofaa, na lazima uunganishwe na themostati, kifaa kinachoukata umeme joto likifika kiwango ulichoweka. Bila themostati mkeka huo huchoma, na nyoka hana akili ya kuondoka juu ya kitu kinachomuunguza tumbo polepole.

Unyevu wa asilimia 55 hadi 70 unamtosha, na hewa ya pwani mara nyingi inautoa bila msaada. Usinyunyize maji kila siku kwa sababu umeona mtu wa Ulaya akinyunyiza. Matandiko yakilowa na hewa isipopita, utaona malengelenge mekundu kwenye magamba ya tumbo, au mapovu puani na sauti ya mluzi anapopumua. Yote mawili ni ya daktari.

Hatua ya 4: Safari

Msafirishe asubuhi na mapema au usiku, ndani ya mfuko wa pamba uliofungwa vizuri, mfuko uwe ndani ya boksi lenye matundu. Usimwache garini hata kidogo. Foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana, vioo vikiwa vimefungwa, ni kifo.

Hatua ya 5: Siku kumi za mwanzo

Fungua mfuko ndani ya kizimba, atoke mwenyewe, ufunge kufuli na uondoke. Funika kioo cha mbele kwa kanga. Kila siku badilisha maji, ondoa kinyesi, basi. Usimshike, usimpige picha, usiwaite watoto wa ami yako waje kumwona.

Siku za kwanza pengine hutamwona kabisa. Kisha usiku mmoja utaona ncha ya pua ikitoka chini ya chungu na ulimi ukitoka, ukipanda na kushuka polepole, ukirudi ndani. Anaonja hewa ya nyumba yako. Ulimi unaotoka taratibu namna hiyo ni dalili ya nyoka anayechunguza. Shingo iliyokunjwa mkunjo wa kushambulia na mkoromo wa pumzi ni dalili ya hofu. Akifanya hivyo rudi nyuma, hajakukosea.

Kama una nyoka mwingine, mgeni akae chumba tofauti siku 90, na vyombo vyake visichanganywe. Boa hubeba ugonjwa wa virusi unaoshambulia neva, hauna dawa, na anaweza kuonekana mzima kwa muda mrefu.

Hatua ya 6: Chakula, kisha mkono

Mlo wa kwanza ni baada ya siku 7 hadi 10. Panya mmoja mdogo, unene wake usizidi sehemu nene kabisa ya nyoka. Tumia aliyekufa na kugandishwa: mweke kwenye kibakuli chenye kifuniko ayeyuke ndani ya jokofu, kisha kibakuli kikae ndani ya maji ya moto hadi panya awe vuguvugu. Mpe jioni kwa kibano kirefu. Panya hai anaweza kumng'ata nyoka hadi macho. Mlo unaofuata ni baada ya siku 10 hadi 14. Boa husaga chakula polepole, na walio wengi huharibika kwa kulishwa sana kuliko kwa njaa.

Akishakula mara mbili bila kutapika, anza kumshika: dakika tano, mara mbili kwa wiki, mikono imeoshwa isinuke panya. Mjie kwa ubavuni, si kutoka juu kama mwewe. Baada ya kula mpe saa 48 za utulivu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kisauni: Mwalimu, majirani wameanza kusema nafuga jini. Niwaambieje?

Kaka, usimfiche. Ukimficha ndipo maneno yanapokua. Waite wazee wa nyumba, waonyeshe kufuli na kibali, na waeleze kwamba hana sumu. Usimtembeze barazani wala usimvae shingoni kujionyesha. Mwenye swali la dini kuhusu nyoka ndani ya nyumba amwendee sheikh wake. Mimi si wa kulitolea jibu.

Kutoka Majengo: Panya wa kununua ni shida. Naweza kumpa hawa ninaowanasa jikoni?

Hapana, ndugu yangu. Mtaa mzima unatega kwa sumu ya panya, na panya aliyeila hutembea siku kadhaa kabla ya kufa. Nyoka akimla, sumu inaingia kwake. Tena wana minyoo. Fuga panya weupe wako mwenyewe. Dume mmoja na majike wawili watakupa zaidi ya mahitaji ya boa mmoja.

Kutoka Tudor: Alikula vizuri, siku ya tatu akatapika. Nimlishe tena?

Usimlishe dada. Safisha kizimba, maji yawepo, umwache siku 14. Kisha mpe windo nusu ya lile la kwanza. Wakati huo kagua mambo matatu: je, upande wa joto ulishuka usiku, je, alishikwa mapema, je, panya alikuwa mkubwa? Akitapika mara ya pili, ni daktari. Na mtafute daktari wa mifugo anayekubali kutibu nyoka sasa hivi, kabla hujamhitaji, kwa sababu si wote wanaokubali.

Kutoka Nyali: Mke wangu ana mimba. Kuna madhara?

Hongera, kaka. Nyoka hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Bibi asimshike wala asisafishe kizimba, na mtoto akizaliwa akae mbali na nyoka hadi apite miaka mitano. Bakuli la nyoka lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Wewe osha mikono kwa sabuni kila unapotoka kwake, hata kama umebadilisha maji tu.

Kutoka Bamburi: Akinishinda akiwa mkubwa, siwezi kumwachilia Shimba Hills? Kule ni kwao, ni msitu.

Si kwao, na tafadhali usifanye. Kisiwa cha Aruba huko Karibi kilivamiwa na boa, walionekana kule mwaka 1999, na mpaka leo wanakula ndege na mijusi wa kisiwa na hawajaweza kuondolewa. Pwani yetu ina joto na unyevu anaoupenda, na jike mmoja huzaa watoto zaidi ya 20 kwa wakati mmoja. Ukishindwa, warudie KWS.

Kutoka Likoni: Macho yamekuwa ya samawati na rangi imefifia. Amekuwa kipofu?

La, mamangu, anajiandaa kujivua gamba. Haoni vizuri kwa sasa, kwa hiyo anaweza kurusha mdomo. Usimshike wala usimlishe. Mwekee ndani ya kijificho kitambaa kilicholowa maji kidogo. Baada ya siku chache macho yatakuwa angavu tena, na siku chache nyingine gamba litatoka. Likitoka, lichukue ulitazame penye mwanga: sehemu ya kichwa iwe na vifuniko viwili vya macho, mviringo kama vioo vya saa. Kimoja kikikosekana kimebaki jichoni. Usikibandue kwa kucha. Ongeza unyevu, usubiri gamba la mara ijayo, na kisipotoka na hilo ndipo umpeleke kwa daktari.