Isome picha ya miungu wa Kihindu kabla ya kuitia fremu

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikikaribia, meza yangu hapa Ngara, Nairobi, hujaa picha za miungu wa Kihindu zinazosubiri fremu. Fundi mwenzangu, usiguse kisu kabla hujaisoma picha. Usianze na uso, maana nyuso hufanana: macho makubwa, taji, tabasamu lile lile.

Anza na mikono. Ameshika kinanda cha nyuzi na kitabu? Huyo Saraswati, wa elimu. Sarafu zinammiminika kiganjani, amezungukwa na mayungiyungi? Lakshmi, wa neema. Filimbi ni ya Krishna.

Kisha shuka miguuni, utafute mnyama wake. Fahali ni wa Shiva. Durga hupanda simba au simbamarara. Ganesha, mwenye kichwa cha tembo na pembe moja iliyovunjika, ana panya, na panya huyo huchorwa pembeni kabisa, karibu na ukingo. Ukikata karatasi vibaya au fremu ikiwa pana mno, umemmeza. Mteja atajua mara moja.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya Hanuman akiruka angani, mlima kiganjani. Katika Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi kuhusu mfalme Rama, Lakshmana, nduguye Rama, amejeruhiwa vitani Lanka, na dawa yake inaota Himalaya. Hanuman anafika, hautambui mmea wenyewe, basi anaung'oa mlima mzima na kuruka nao. Utazame mlima huo kwa karibu: vichaka na miti vimo. Hapo usifunike hata ncha ya kilele.

Mtindo wa picha hizi ulienezwa sana na mchoraji Raja Ravi Varma, aliyefungua kiwanda cha uchapaji Bombay mwaka 1894. Watu wa matabaka ya chini, waliokuwa wakizuiwa kuingia mahekaluni, wakaweza kumtundika mungu wao nyumbani. Ndiyo maana sikubali kazi ya haraka kwenye picha hizi.

Mwambie mteja asiitundike penye jua. Nyekundu na njano hupauka kwanza, picha ikabaki bluu tupu, na koo la Shiva, lililogeuka bluu alipoimeza sumu ya bahari ili kuuokoa ulimwengu, likapotea humo.

Usiiegemeze sakafuni ikisubiri kuchukuliwa. Nyuma tia kulabu mbili imara, kwa sababu itavishwa shada la maua mabichi, nayo yana uzito.